Nguo ya Kuazima: Alama ya Askari na Deni la Aliyeitoa

Miaka kumi na kitu iliyopita niliitwa kufanya kazi ambayo nimeifanya mara nyingi maishani, kazi ya kukaa baina ya watu wawili wasioelewana lugha. Palikuwa katika duka moja la vitu vya kale, Mji Mkongwe, hapa Unguja. Upande mmoja alikaa mama yangu mkubwa, na pindo la kanga yake amelipiga fundo. Upande wa pili alikaa mgeni kutoka Ulaya, mzee mtaratibu na mwenye adabu, aliyekuwa akikusanya alama za majeshi kama wengine wakusanyavyo stempu. Fundo lilipofunguliwa kikatoka kipande cha nguo kisichozidi kiganja cha mtoto, kimechujuka rangi, na juu yake pana kichwa cha kifaru. Babu yetu, baba yake mama mkubwa, alikuwa amekivaa begani nchini Burma, ambayo leo huitwa Myanmar, mwaka 1944.

Bei ilikubaliwa upesi. Mama mkubwa alikuwa na nyumba iliyooza mabati, na masika yalikuwa yakikaribia. Mgeni alikuwa na pesa na hamu. Kabla ya kulipa, mgeni akauliza: alama hii ilikuwa na maana gani kwa marehemu? Nikatafsiri. Mama mkubwa akanyamaza kidogo, kisha akanijibu bila ya kumtazama mgeni: "Muulize yeye, mwanangu. Hao waliompa baba kitambaa hiki, wao kiliwafunga kwa lipi?"

Swali hilo sikulitafsiri. Niliona ni zito mno kwa mahali pa biashara. Nikahofia kuvunja bei, nikahofia pia kumwaibisha mtu ambaye hakuwa na kosa. Nikasema kwa Kiingereza kwamba marehemu aliienzi sana alama yake. Mgeni akainamisha kichwa kwa heshima, akalipa, akaondoka. Mabati yakabadilishwa. Mama mkubwa hakuniuliza mgeni alijibu nini, nami nashuku kwamba alijua. Mfasiri anayemeza sentensi ya mtu amekula amana. Makala haya ni jaribio la kuirudisha.

Tuanze na maneno, kwani ndiyo mtaji wangu pekee. Lugha yetu ina majina kadhaa ya kitu anachovaa askari ili ajulikane ni wa kikosi gani. Neno "alama" ni pana, hata jeraha lililopona huacha alama. "Nembo", ambayo siku hizi tunaitumia kwa ngao ya taifa au chapa ya kampuni, hapo kale ilikuwa ni chale zilizochanjwa mwilini ili mtu ajulikane ni wa kabila gani. Haikuvuliwa, mtu alizikwa nayo. "Tepe" hushonwa, na kinachoshonwa hufumuliwa. Na "nishani", iliyotufikia kutoka kwa Waajemi, ina ndugu yake Bara Hindi aitwaye "nishana", ambaye maana yake ni shabaha, kile kinacholengwa. Basi alama ya askari ni yote hayo kwa pamoja. Aliyeitoa hutaka iingie mwilini kama chale. Mvaaji anajua kwamba imeshonwa kwa uzi. Na adui aliye ng'ambo ya mto huiona kuwa ni mahali pa kulenga, ndiyo maana majeshi mengi huzitia rangi hafifu alama zake za vitani, au huamuru zivuliwe kabisa.

Tusiidharau alama hiyo. Wapo wasemao kwamba ni kitambaa tu, na kwamba heshima ya mtu imo katika matendo yake. Kauli hii ni nyepesi, na husemwa zaidi na watu ambao hawajawahi kulala porini pamoja na wageni. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa kichwa cha kifaru, iliundwa mwaka 1943. Ilikusanya watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini, wengi wao wakiwa wa vikosi vya King's African Rifles, ambavyo wazee wetu waliviita KAR kwa mkato. Walipelekwa kwanza kisiwani Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mwaka 1944 wakaingia Burma, wakashuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, katika matope na malaria, mpaka mji wa Kalewa ulipoangukia mikononi mwao mwanzoni mwa Desemba, wakauvuka mto Chindwin. Watu hao hawakuwa na kabila moja, wala dini moja, wala chakula kimoja walichokizoea. Walikuwa na Kiswahili cha kambini, na walikuwa na kifaru. Usiku wa mvua, mtu asiyekujua babu yako alikuburura kutoka katika mto kwa sababu bega lako lilifanana na lake. Kitambaa kinachoweza kufanya hivyo si kitambaa tu.

Babu alikuwa mtu wa Mrima, alihamia Unguja baada ya vita. Alipenda kusema kwamba alimvaa kifaru kabla ya kumwona, kwani kwao walikuwa na papa na kasa, vifaru hawakuwepo. Alama ilimtangulia mnyama. Hili nalo si jambo dogo. Waliochagua alama zile walikuwa maofisa Wazungu, nao waliangalia Afrika wakaona wanyama na hadithi. Wenzao wa Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi, waliopigana Burma pia, walipewa buibui, yule Ananse mjanja wa ngano za Waashanti. Inasemekana walimvaa kichwa chini, ili askari anaponyanyua bunduki na kulenga, buibui aonekane anatambaa kwenda mbele. Na zamani zaidi, baadhi ya vikosi vya KAR vilivaa namba ya kikosi kwa tarakimu za Kiarabu, zile zile ambazo watoto wa pwani walizijua chuoni kwa mwalimu. Katika kila mfano huo mtawala aliazima kitu cha mtawaliwa, akakitia katika shaba au nguo, kisha akamvika mwenyewe kana kwamba ni zawadi. Sisi tuna methali isemayo kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa kawaida humkanya aliyeazima akajitapa. Lakini hapa, ndugu msomaji, ni nani aliyeazima kwa mwenzake?

Nakuja sasa kwenye kiini cha suala, nami nitalieleza kwa kisa kilicho kigumu zaidi ya kile cha babu.

Kabla ya Waingereza kuitawala Tanganyika, askari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani walivaa kofia yenye tai wa dola ya Ujerumani mbele ya paji la uso. Jeshi lao liliitwa Schutztruppe, yaani jeshi la ulinzi, na mfasiri yeyote angependa kuuliza lilimlinda nani. Vita vya kwanza vya dunia vilipoingia Afrika Mashariki, wengi miongoni mwa askari hao walitekwa. Mwaka 1917 Waingereza wakaunda kikosi cha 6 cha KAR, na waliokiunda ni hao hao askari wa zamani wa Wajerumani. Mtu aliyekuwa na tai mwaka juzi akawa na alama ya mfalme wa Uingereza mwaka huu, na bunduki yake ikageuka kuelekea kule alikotoka, ambako pengine ndugu yake bado alikuwa na tai.

Je, mtu huyu ni msaliti?

Jibu la kwanza ni la wanajeshi, nalo lina nguvu. Kiapo ni kiapo. Jeshi ambalo kila mtu huchagua mwenyewe siku ya kuivua alama si jeshi, ni genge, na genge ni hatari zaidi kwa raia kuliko jeshi. Mwenye kuivaa alama ameacha kwa hiari sehemu ya uhuru wake ili mwenzake aliye ubavuni aweze kumtegemea. Akiivua kwa sababu upepo umegeuka, amemwacha mwenzake uchi.

Jibu la pili ni la wanasiasa wetu wa baada ya uhuru, nalo pia lina nguvu. Alama ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mfalme wa mbali aliyegombana na mfalme mwingine wa mbali, na Mwafrika aliyevishwa hakuwa na deni kwa yeyote kati yao. Kuibadilisha ilikuwa ni sawa na kubadilisha mwavuli mvua inapobadilisha upande. Msaliti ni yule anayeuacha ukoo wake. Huyu aliacha kofia.

Nimeyapima majibu haya kwa miaka, na naona yote mawili yanamtazama mtu mmoja tu. Yote yanauliza mvaaji alifungwa kwa lipi, au hakufungwa kwa lipi. Hakuna hata moja linalouliza swali la mama mkubwa. Alama inashonwa na mkono wa mtu, na mkono huo nao una kiapo. Anayempa mwenzake alama anamwambia: tangu leo utatambulikana kwa jina langu, ukifa umekufa kwa jina langu, na ukiua umeua kwa jina langu. Maneno haya ni ahadi, na ahadi ni deni. Wala hatuwezi kusema kwamba pande mbili za deni hili zina uzito sawa. Mvaaji amekatazwa kuivua alama; akiivua vitani huenda akapigwa risasi na watu wake mwenyewe. Kwa kuwa yeye haruhusiwi kuivua, aliyemvisha haruhusiwi kusahau. Ugumu wa kiapo cha askari, ambao jibu la kwanza linaushikilia kwa haki, ndio hasa unaoongeza deni la mtoaji.

Basi mtu wa mwaka 1917 sina haraka ya kumwita msaliti, wala sina haraka ya kumtakasa. Kwanza ningeuliza: aliyemvisha tai alikuwa amemlipa? Alijua jina lake? Angemzika?

Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya wale ambao hawakuivua. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Novemba 1918 pale Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, akiwa bado na askari wake elfu moja na zaidi. Wengi walikuwa hawajalipwa mishahara yao. Walipewa vyeti vya kuonyesha wanadai. Ujerumani ikapoteza makoloni, ikaingia katika vita vingine, ikagawanywa. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa wale waliokuwa hai. Inasimuliwa kwamba mlipaji alipofika Mwanza alikuta wazee mamia wamekusanyika, na wachache tu ndio waliokuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare vilivyochakaa, na wengine hawakuwa na kitu. Mlipaji akapata shauri. Kila mzee alipewa ufagio badala ya bunduki, akaamrishwa kwa Kijerumani gwaride la silaha. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kisa hiki husimuliwa Ulaya kama hadithi ya uaminifu wa askari. Mimi kinanihuzunisha kwa upande mwingine. Nguo ilikuwa imeoza, tai amepotea, karatasi imeliwa na mchwa, lakini ile amri ilikuwa ingali mwilini mwa mzee wa miaka sabini, imeingia kama zile chale za kale. Upande wa mvaaji, alama ilikuwa imekuwa nembo. Upande wa mtoaji, deni lilikaa miaka 46, na hata lilipokuja kulipwa, mdai ndiye aliyetakiwa athibitishe kwa ufagio kwamba anadai. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga. Ningeongeza kwamba mwenye kovu asilazimishwe kulifungua ili aaminiwe.

Hata hivyo, hapa panahitaji tahadhari, la sivyo nitakuwa nimewapamba wazee wale kuliko haki. Kuna mtu wa tatu ambaye sijamtaja. Mbali na aliyetoa alama na aliyeivaa, yupo aliyeiona ikija. Katika Vita vya Maji Maji, kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, watu wa kusini mwa Tanganyika waliiona kofia ile ikitokea njiani, na nyuma yake maghala yakachomwa moto na mashamba yakaharibiwa, hata njaa ikaua wengi kuliko risasi. Kwa mama aliyekimbia na mtoto mgongoni, tai yule hakuwa uaminifu, wala udugu, wala mshahara unaodaiwa. Alikuwa kiyama kinachotembea kwa miguu.

Mvaaji anaweza kujitetea kwamba mkono ulikuwa wake lakini amri ilikuwa ya tai. Utetezi huu haukubaliki. Tai wa shaba hana kucha. Kucha zilikuwa vidole vya mtu. Alama inaweza kuuficha uso wa aliyeivaa mbele ya watu, haiwezi kuuficha mbele ya nafsi yake. Kwa hiyo madeni ni mawili, na moja halifuti jingine. Askari anadaiwa alichokitenda kwa mikono yake, hata kama ameamrishwa. Na aliyemtuma anadaiwa mara mbili, kwa aliyetumwa na kwa aliyetendwa. Mtoaji wa alama hupenda kuyachanganya mahesabu haya. Ushindi ukija, alama ni yake. Aibu ikija, ni ya askari mmoja mkorofi.

Ili tuone vizuri deni la mtoaji ni lipi, tuwatazame ambao hawakupewa alama kabisa. Vita vile vya mwaka 1914 hadi 1918 vilibebwa kichwani na mabegani na wapagazi. Walikuwa wengi kuliko askari, na walikufa kwa maradhi na njaa kuliko waliokufa kwa risasi. Hawakuwa na tai wala nambari ya kikosi ya kujivunia. Kilichobaki kwao katika mji mkuu wa biashara wa nchi yetu ni jina la soko: Kariakoo, yaani Carrier Corps katika ndimi zetu. Kila siku maelfu ya watu hununua nyanya na viatu juu ya jina lile bila ya kujua kwamba wanakanyaga kumbukumbu. Umbali mfupi kutoka hapo, tangu mwaka 1927, imesimama sanamu ya shaba ya askari, bunduki mkononi. Askari amepata sanamu, mpagazi amepata soko. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita vile upande wa Waingereza hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Tume ikaomba radhi. Zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imepita.

Hapo ndipo ninapoona kwamba alama, pamoja na ila zake zote, ilikuwa ni aina ya hati. Asiyekuwa nayo hakuwa na pa kuanzia kudai. Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikielekea Colombo. Tarehe 12 ya mwezi ule, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliizamisha kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Bahari, sisi watu wa visiwani tunajua, haina kaburi la kuzuru wala jiwe la kuandika. Lakini watu wale walikuwa katika orodha ya kikosi; kwa hivyo kuna mahali majina yao yamesomwa. Mpagazi aliyefia njiani akiwa na mzigo kichwani hakupata hata hilo.

Tusiwaonee wageni peke yao. Mwaka 1964, ambao sisi wa visiwani tuna mengine mengi ya kuukumbukia, ndio mwaka ambao Tanganyika ilijifunza somo hili kwa upande wake. Baada ya uhuru, vikosi vya KAR vya Tanganyika vilibadilishwa jina na kuitwa Tanganyika Rifles. Alama ilibadilika, maofisa wakuu walibaki Waingereza, na mishahara haikuwaridhisha askari. Tarehe 20 Januari askari wakaasi kambini Colito, Dar es Salaam, wakidai mambo hayo mawili. Uasi ni kosa, na nchi changa ilitikisika. Serikali ilililivunja jeshi lile, na Septemba 1964 ikaanzisha Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Hata jina la kambi likabadilishwa baadaye. Colito ni mahali nchini Ethiopia ambako KAR walipigana mwaka 1941. Lugalo, jina la sasa, ni mahali ambako Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Mimi nauona uamuzi ule wa jina kuwa wa hekima. Uliwaambia askari wapya kwamba ushindi watakaoubeba begani ni wa watu wao. Lakini jina zuri nalo ni ahadi nyingine. Anayeitoa lazima aihudumie kila mwezi, si siku ya gwaride tu.

Mwaka 2023 jeshi letu liliwataka raia wenye mavazi ya kijeshi, au yanayofanana nayo, wayasalimishe. Wapo walionung'unika. Mimi naelewa sababu yake: sare ikivaliwa na mwizi, mtu wa tatu, yule aiyeonaye ikija, hawezi tena kujua aikimbie au aikimbilie. Ni haki kuilinda alama dhidi ya asiyestahili kuivaa. Ninachoomba ni kwamba bidii ile ile itumike kuilinda ahadi iliyomo ndani yake kwa ajili ya aliyestahili, hasa akishazeeka, sare imembana au imempwaya, na hakuna tena anayempigia saluti.

Narudi kwa babu. Alilipwa, si kwamba hakulipwa. Askari Mwafrika wa vita vile alilipwa sehemu ndogo tu ya kile alicholipwa Mwingereza aliyelala naye katika tope moja, na kiinua mgongo alichopewa alipoachishwa kilikuwa cha kiwango hicho hicho. Alirudi na homa zilizomrudia kila mwaka, na ndoto alizozipigia kelele usiku. Hakupenda kusimulia vita. Alichosimulia ni mvua, na yule kifaru aliyemvaa kabla ya kumwona. Alama yenyewe aliifumua katika sare, akaiweka ndani ya kopo la chai pamoja na sindano za bibi. Je, aliienzi, kama nilivyomwambia mgeni? Aliihifadhi. Kuienzi na kuihifadhi si neno moja, na mimi ninayeishi kwa kutofautisha maneno nilipaswa kulijua hilo. Mtu huhifadhi pia stakabadhi ya deni ambalo anajua halitalipwa.

Ikiwa ningetakiwa leo kulijibu swali la mama mkubwa, ningesema kitambaa kile kiliwafunga waliokitoa kwa mambo matatu. La kwanza ni jina: kumwandika aliyekivaa, kwa herufi sahihi, mahali ambapo wajukuu wanaweza kusoma. La pili ni ujira: kumlipa alichostahili bila ya kupima rangi yake, na kumlipa akiwa hai, wala asitakiwe kuinua ufagio. La tatu, nalo ndilo gumu, ni ukweli: kusema alitumwa kufanya nini na dhidi ya nani, ili asibebe peke yake lawama ya amri ambayo si yake, wala asivishwe sifa ya vita ambavyo hakuviomba. Nchi inayoweza kuyatimiza matatu hayo ina haki ya kumshonea mtu alama begani. Isiyoweza imemvika nguo ya kuazima, na aibu ya nguo hiyo haimpati aliyeivaa.

Lakini hayo ni majibu yangu, na mama mkubwa hakuniuliza mimi. Alimuuliza mgeni. Jina lake sikulichukua wala sijui kama yu hai. Huenda kifaru yuko ndani ya fremu ya kioo, ukutani katika nyumba fulani, na chini yake pameandikwa mwaka na namba ya divisheni. Iwapo kuna msomaji atakayefika katika nyumba hiyo na lugha ya kumfikia mwenyewe, namwomba anifikishie amana. Aseme kwamba mwanamke aliyeuza alama ile alijibu, ila mfasiri alinyamaza. Kisha amtolee swali kama lilivyotoka, bila ya kulipunguza wala kulitia sukari: hao waliompa baba kitambaa hiki, wao kiliwafunga kwa lipi?